Daftari la Maneno ya Siri

Kwenye steshenari ya shangazi yangu, barabara ya kumi na nne, Ngamiani, Tanga, kuna daftari la jalada gumu ambalo nililianzisha mimi mwenyewe, na ambalo siku hizi nikilazimika kulihamisha nalishika kwa ncha za vidole. Ndani yake kuna majina ya watu, na mbele ya kila jina kuna anwani ya imeili na neno la siri. Majina yanazidi mia tatu. Maneno ya siri, ukiyatazama vizuri, ni moja tu: jina la duka letu, likifuatiwa na mwaka aliozaliwa mtu.

Asiyeishi kwetu atashangaa, kwa hiyo nieleze. Siku hizi huwezi kuomba cheti cha kuzaliwa, mkopo wa chuo wala kazi bila imeili. Mtu anatoka Pongwe au Tongoni na bahasha yake ya kaki, anafika dukani, anaambiwa fomu iko mtandaoni na inataka imeili. Hana. Basi anasema, "Nifungulie hiyo imeili," kwa sauti ile ile anayosemea "nitolee kopi mbili." Mwanzoni nilikuwa nageuza kioo ili mteja achague neno lake la siri mwenyewe. Walinicheka. "We weka tu, kijana. Si wewe ndiye utakayeifungua?" Na kweli, wakirudi baada ya miezi mitatu hawakumbuki hata herufi ya kwanza. Namba za simu nazo hazikai: laini imepotea, simu ni ya shemeji, shemeji kahamia Mombasa. Nikaamua kuweka namba ya duka kwenye kila akaunti, na neno la siri la mtindo mmoja kwa wote, kisha nikayaandika yote kwenye daftari.

Nilisomea usalama wa mifumo ya kompyuta kwa muhula mzima na nikapata A. Nasema hivyo ili isije ikadhaniwa sikujua. Nilijua. Nililifikiria jambo hilo wiki nzima, kama ninavyofikiria kila kitu, nikarudi pale pale nilipoanzia, nikaenda kununua daftari.

Imeili zote zile zilikuwa za kampuni moja, ile kampuni kubwa ya programu ambayo sina haja ya kuitaja. Nilikuwa naifuatilia kama wenzangu wanavyofuatilia timu zao za mpira. Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango wa duka, nilikaa barazani na simu nikasoma: wametoa nini kipya, wamenunua kampuni gani, wameajiri wangapi, wamefukuza wangapi. Katika miaka mitatu tangu nimalize chuo nilikuwa nimetuma maombi ya kazi sehemu nyingi, yakiwemo matatu kwa kampuni hiyo hiyo, na sikupata jibu hata la kukataliwa. Bado nilisoma habari zake. Shangazi akipita na ndoo yake ya maji ya kupigia deki alikuwa akiniuliza, "Leo wameamkaje hao wenzio?" Nikimwambia wamefungua kituo kipya mahali fulani, anasema, "Mashallah. Na wao wanakujua?"

Asubuhi moja nikasoma kwamba kampuni itaanza kufuta akaunti zilizokaa muda mrefu bila kutumika, pamoja na kila kilichomo. Chini yake kulikuwa na habari nyingine, fupi: walikuwa wamepunguza wafanyakazi wa huduma kwa wateja, na kazi hiyo sasa ingefanywa na mashine inayoweza kuzungumza lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Habari ya kwanza niliisoma mara nne. Ya pili niliipita.

Nikaanza kufikiri. Kati ya watu mia tatu, wangapi walikuwa hawajafungua imeili zao tangu siku niliyowafungulia? Wengi. Vyeti vyao nilivyovipiga picha vilikuwa humo, na namba za maombi, na majibu ambayo labda yalikuja na hakuna aliyeyasoma. Ikifutwa akaunti ya mtu anayesubiri cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mtoto ataandikishwaje shule? Na mtoto asipoandikishwa shule, kosa la nani? Nikamwambia shangazi, ambaye alikuwa anapitisha cheti cha mtu kwenye mashine ya kuweka plastiki.

"Zifutwe," akasema. "Watu watafungua nyingine."

"Vyeti vyao vimo humo, shangazi."

"Vyeti vyao viko kabatini kwao. Msomi, acha kuutafuta ugonjwa. Nenda kaninunulie wino."

Nilikwenda kununua wino. Lakini nilikuwa nimeshaamua.

Jumanne iliyofuata shangazi alikwenda msibani Muheza. Mvua ilikuwa inanyesha, wateja hakuna. Nikatoa daftari, nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilichotaka kufanya kilikuwa kidogo: kuingia kwenye kila akaunti, kusoma chochote kilichomo, kutoka. Kampuni ione kwamba mwenyewe yupo hai. Jina la kwanza lilikuwa la mzee mmoja wa barabara ya nane ambaye tulimzika mwaka uliopita. Nikasita kidogo, nikafungua na yake.

Nilikuwa na raha asubuhi ile, nakiri. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo nilikuwa nafanya kazi niliyoisomea, kwa makini, kwa mpangilio, na kwa faida ya watu ambao hawakujua hata kama wako hatarini. Nilikuwa naweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu pembeni ya kila jina. Baada ya akaunti sitini hivi, kompyuta ilianza kunitaka nithibitishe kuwa mimi si mashine. Ilinionyesha picha za barabara za ughaibuni na kuniambia nichague visanduku vyenye mabomba ya zimamoto. Sijawahi kuona bomba la zimamoto barabarani Tanga. Nikabahatisha, nikakosea, nikabahatisha tena. Ningeacha hapo hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini tayari nilikuwa na alama nyekundu kurasa mbili na nusu, na ukurasa wa nusu huwa unanisumbua.

Nilifika jina la dada mmoja muuguzi wa Tongoni. Yeye hakuwa katika hatari yoyote. Alikuwa anapita dukani kila Ijumaa kuangalia imeili yake, na Ijumaa iliyotangulia alikuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho. Ningemruka. Nikajiuliza: je, na kama kampuni inahesabu tofauti? Kama kufungua bila kuandika barua hakuhesabiwi kuwa ni kutumia? Nikasema afadhali kuwa na uhakika. Nikaingia, nikatoka, nikaweka alama.

Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa nilipoona maandishi kwenye kioo, kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Tumegundua shughuli zisizo za kawaida kwenye akaunti yako. Ili kukulinda, tumeifunga." Nikajaribu inayofuata, na zote zilizobaki mpaka ukurasa wa mwisho, maandishi yale yale. Nikarudi kwa zile nilizokuwa nimeshazifungua. Zimefungwa. Nikarudi mpaka kwa mzee marehemu. Naye amefungwa. Nikaomba nitumiwe namba ya uthibitisho kwa simu, nikajibiwa kuwa namba ile imeshatumika kwa akaunti nyingi mno. Kwa macho ya mashine yao, mimi nilikuwa mwizi aliyekaa Ngamiani akijaribu funguo za nyumba mia tatu, moja baada ya nyingine. Hata mimi ningemfunga mtu wa namna hiyo.

Huyu dada muuguzi ndiye aliyekuwa na kitu cha kupoteza. Ana stashahada, na kwa miaka minne alikuwa anajitolea kwenye zahanati. Maana yake anafanya kazi yote ya muuguzi ila hana ajira. Shirika moja la afya ya mama na mtoto lilikuwa limetangaza nafasi Muheza. Tulijaza maombi pamoja mchana mzima, mimi nikimnyooshea wasifu wake, yeye akinisahihisha majina ya dawa. Tangazo lilisema watakaopita mchujo watajulishwa kwa imeili tu ndani ya wiki tatu, asiyejulishwa ajue hakupita, na tusipige simu. Wiki ya pili ndiyo ilikuwa inaanza siku ile niliyofunga akaunti.

Ijumaa akaja na baiskeli yake, sare imelowa mvua mabegani. "Mdogo wangu, nichungulie imeili yangu. Leo wanaweza kuwa wamejibu."

"Mtandao unasumbua, dada. Pitia kesho."

Akaja kesho yake. "Bado unasumbua," nikasema.

"Mtandao wenu huu umekwenda hija?"

Nilicheka naye. Kicheko kile nakikumbuka kuliko uongo wenyewe. Jumatatu akaja tena, na kwenye kompyuta ya pembeni alikuwepo mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo, kurasa zinafunguka moja baada ya nyingine. Dada alikitazama kile kioo, akanitazama mimi.

"Huyu mtandao wake anautoa wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza kirefu, tangu habari niliyoisoma barazani mpaka mabomba ya zimamoto, nikidhani kwamba akielewa kila hatua ataona jinsi nia yangu ilivyokuwa nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kamba ya mkoba wake.

"Mia tatu nimeelewa," akasema. "Lakini mimi nilikuja Ijumaa ile, nikakaa hapa hapa. Yangu uliigusia nini?"

"Nilitaka kuwa na uhakika."

"Uhakika wa nini?"

Shangazi, ambaye alikuwa amesikia kila neno kutoka kwenye mashine ya kudurufu, akasema, "Mwanangu, huyu ukimpa glasi ya maji ataichemsha mara mbili halafu aimwage akidhani imeungua." Dada hakucheka. Alipiga simu kwenye lile shirika, pale pale mbele yetu. Mwanamke mwenye sauti ya upole akamwambia, "Dada, taarifa zote zimetumwa kwa imeili," na alipoombwa aangalie jina tu kwenye orodha, akairudia sentensi ile ile. Siku ya pili dada akapanda gari kwenda Muheza. Mlinzi wa getini akamwambia wanaoajiri wako Dar, pale kuna gari na jenereta tu.

Jumamosi akaja na mama yake.

Mama huyu ni mkulima wa mihogo kule Tongoni. Alikuwa amevaa baibui la kutokea na alibeba kikapu chenye mihogo iliyofungwa kwa kanga safi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi la wateja na kuvua viatu. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimeshapanga hata jinsi ya kusimama.

"Mwanangu," akasema, "ofisi ya hao watu iko wapi? Dar?"

"Iko Marekani, mama."

"Hapa nchini hawana mtu?"

"Wa kushughulikia hili, hawana."

"Hata msemaji? Hata wakala wao?"

Nikaanza kumwelewa. Kwetu mtu akikosa, hapelekwi peke yake. Nilipokuwa mdogo nilivunja kioo cha jirani kwa mpira, na shangazi alinishika mkono mpaka barazani kwa wenyewe, akasema, "Mtoto wenu huyu amekosa, nimemleta." Mimi sikutakiwa kusema chochote. Jirani alinuna kidogo kwa ajili ya heshima, kisha tukaletewa chai. Mama wa Tongoni alikuwa amekuja kutupeleka, mimi na binti yake, kwa wenye kampuni. Mihogo ilikuwa yao.

"Mama, mimi sijakosa kitu," dada akasema.

"Unataka kufunguliwa, hutaki?"

"Nataka."

"Basi nyamaza."

Nikamweleza kwamba njia pekee ni fomu moja mtandaoni, yenye kisanduku kilichoandikwa "Eleza tatizo lako." Akasema hakuna neno, yeye atasema, mimi niandike. Akanyoosha mgongo, akaanza:

"Assalaam alaykum. Baada ya salamu, mimi ni mama wa mtoto huyu mliyemfungia. Hawa ni watoto wenu, wamekosa, nimewaleta. Yule wa dukani ana haraka na ana wasiwasi, alifungua imeili za watu bila idhini yao, hakukusudia ubaya. Huyu wangu hana alilofanya ila kumwamini mwenzake. Anasubiri wito wa kazi. Kwa heshima na taadhima tunaomba radhi zenu, mtufungulie. Wabillahi tawfiq."

Kisanduku kilikuwa na kikomo cha herufi. Maneno yake yalizidi.

"Haiingii yote, mama. Tupunguze salamu?"

"Salamu usiguse."

Nilikaa na vidole juu ya vibonye. Kisha nikafuta sentensi inayonihusu mimi, ile ya haraka na wasiwasi, yote. Nilijiambia kwamba ukiiambia mashine kuwa mtu alifungua imeili za watu bila idhini, inaweza kutufungia moja kwa moja. Ilikuwa hoja nzuri, na huenda ilikuwa ya kweli. Mama akauliza, "Imeingia?" Nikasema imeingia.

Jibu lilikuja kabla hajavaa viatu. "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tunaelewa jinsi jambo hili linavyoweza kukuudhi." Nikamsomea.

Uso wake ukafunguka. "Mmeona? Wameelewa. Mwandikie, mwambie ahsante, na Mungu amzidishie."

Nikaandika. Likaja jibu: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tunaelewa jinsi jambo hili linavyoweza kukuudhi."

"Anayejibu ni mwanamke au mwanamume?"

"Ni mashine, mama."

Alikiangalia kioo kwa pembeni, kama mtu anayeangalia ndani ya nyumba asiyokaribishwa. "Mashine ndiyo imesema inaelewa?"

"Ndiyo."

"Basi imefundishwa uongo," akasema, akaanza kuvaa viatu. Mihogo akatuachia sisi. Shangazi aliichemsha na nazi, na mimi nikala, kwa sababu kutokula kungezua maswali.

Wiki ya tatu ikapita, ikapita na ya nne. Wateja wengine walikuja, wakaambiwa, wakaudhika kwa viwango tofauti. Wengi walifungua imeili mpya, na safari hii shangazi mwenyewe alisimama nyuma yao mpaka kila mmoja akachagua neno lake, akaliandika kwenye kikaratasi, akakitia kwenye sidiria au mfukoni. "Na wewe geuka ukutani," ananiambia. Nilikuwa nageuka.

Mama wa Tongoni alikuja kila Jumamosi. Kila mara tuliandika, kila mara mashine ilielewa. Huko kijijini nako habari ilikuwa inakua. Mwanzo mama alisema huenda binti yake aliitwa kazini. Kisha akasema aliitwa. Baadaye nikasikia kuna nyumba ya kukaa, na kwamba angeanza mwezi ule ule. Siku moja aliingia dukani kijana wa Tongoni kutoa kopi ya kitambulisho, akanitazama sana, akauliza, "Ndiye wewe uliyemfungia mtoto wa watu kazi?" Nikasema ndiye mimi. Akasema, "Toa nyeusi nyeupe, nakala moja," nikamtolea.

Mimi niliamini kuwa aliitwa. Sikuwa na shaka. Nilikuwa nimeuona ule wito akilini mwangu, hata maneno yake, hata siku ya usaili na saa yake, na kila siku ilipopita niliiona saa hiyo imepita na kiti kimoja kiko wazi. Habari za kampuni niliacha kuzisoma. Mara moja tu nilifungua, nikakuta wanajisifu kuwa mashine yao ya huduma kwa wateja sasa inajibu kwa haraka kuliko binadamu. Hilo niliweza kulishuhudia.

Alhamisi moja asubuhi simu ya duka ikalia mfululizo. Namba za uthibitisho. Akaunti chache zilikuwa zimefunguliwa, bila mpangilio wowote nilioweza kuuona. Ya yule mzee marehemu ilikuwa ya kwanza. Ya dada muuguzi ilikuwemo.

Nilipaswa kumpigia kwanza. Badala yake niliingia. Nilitafuta jina la lile shirika. Kulikuwa na barua moja tu, ile ya kupokea maombi, ya siku tulipoyatuma. Nikatafuta kwenye folda ya taka, nikatafuta kwa jina la Muheza, nikapekua siku kwa siku kwa wiki zile tatu na nyingine zilizofuata. Hakuna. Kulikuwa na matangazo ya kampuni yenyewe, mengi, yote yakimwambia dada kwa jina lake akutane na msaidizi wake mpya.

Hawakumwita.

Nilishusha pumzi. Niliisikia ikitoka, ndefu, na shangazi akageuka kuangalia. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwa pumzi ile. Kisha nikaanza kufikiri kama kawaida yangu: nimwambie, nisimwambie, niseme barua ilikuwepo na mfumo umeifuta, niseme haijafunguliwa. Shangazi akaninyang'anya simu akampigia yeye.

Alifika na sare yake, akaegesha baiskeli ukutani bila kuifunga. Nikageuza kioo upande wake, akakaa, akashika kipanya mwenyewe. Alipekua polepole. Alifungua ile barua ya kupokea maombi, akaisoma yote, akaifunga.

"Kwenye taka umetazama?"

"Nimetazama, dada."

"Kwa hiyo hawakuniita."

"Hawakukuita."

"Hata kama usingeifunga."

"Hata kama nisingeifunga."

Aliendelea kukitazama kioo. "Umefurahi?"

Nikasema hapana. Akacheka kidogo, puani. "Umefurahi bwana. Wewe umeshatoka lawamani. Haya, na mimi?" Sikujua anauliza nini, na nadhani ilionekana. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mama ameshamwambia kila mtu niliitwa. Jana mwenyekiti wa kijiji kanipa pole. Mganga mfawidhi ananiita muuguzi wa Muheza, ananitania, lakini kwa heshima. Mwezi huu mzima mimi ni mtu aliyedhulumiwa. Unajua kabla ya hapo nilikuwa nani? Mtu ambaye hatakiwi tu. Miaka minne."

"Dada, naomba radhi."

"Ifunge."

"Nini?"

"Ifunge tena, kama ilivyokuwa."

"Siwezi tu kuifunga hivi hivi, dada, mfumo wao..."

"Ulifunga mia tatu kwa asubuhi moja."

Sikusogea. Basi akatoka kwenye akaunti mwenyewe, akaandika neno la siri kwa kidole kimoja. Halikuwa lenyewe. Kioo kikakataa. Akaandika jingine, akakataliwa. Mara ya nne nikaona ameandika jina la mama yake, mara ya tano akaandika Muheza. Dada aliendelea mpaka maandishi yale yakatokea, akayasoma kwa sauti ya darasani: "Tumegundua shughuli zisizo za kawaida kwenye akaunti yako."

Akasimama, akajipangusa sketi. "Mama akija Jumamosi mwambie bado," akasema, akachukua baiskeli yake.

Jumamosi mama akaja. Shikamoo, marahaba. Akakaa kwenye benchi, akavua viatu, akauliza wenzetu wamesemaje. Nikamwambia bado, mama. Akasema basi tuwaandikie tena, na tusiwanunie, akanyoosha mgongo, akaanza na salamu. Alipofika kwa yule wa dukani mwenye haraka na wasiwasi, aliyefungua imeili za watu bila idhini yao, safari hii niliandika yote kama alivyosema. Nafasi ikaisha kabla sijafika kwa binti yake.

"Imeingia?" akauliza.

Nikabonyeza kutuma.